Siku arobaini kabla ya Whitsun

Ukitoka Dalry kwenda Carsphairn, kusini magharibi mwa Scotland, barabara hufuata bonde la mto Ken, na upande wa kushoto kuna msitu wa serikali. Ndani ya msitu huo pameachwa uwazi, na hapo ndipo ilipo Polmaddy: misingi ya nyumba, tanuri za kukaushia nafaka, kinu cha maji, nyumba ya wageni, nyua za mboga, na matuta yaliyolimwa na watu waliokufa kabla babu wa babu zetu hawajazaliwa. Kuta nyingi hazifiki kiunoni. Ni hame, nalo linalindwa na sheria ileile inayolinda ngome za wafalme.

Nimewahi kuwapeleka huko jamaa zangu waliokuja kutembea kutoka Dar es Salaam, na swali lao lilikuwa lile ninaloulizwa kila mara: umetutoa mjini, tukapigwa mvua, kuja kuona mawe? Sikuwalaumu. Anayetaka kupigwa picha hupelekwa Edinburgh. Lakini kwa maoni yangu shamba hili la wapangaji linatufundisha kuhusu ardhi kuliko ngome zote za nchi ile. Scotland imefanya vema kulilinda. Tatizo langu ni kwamba imeyalinda mawe, ikayaacha maelezo ya kwa nini watu waliondoka yatafutwe na mwenye nafasi.

Kwanza tuelewane kuhusu eneo. Waskoti huigawa nchi yao pande mbili, Highlands na Lowlands, na Galloway, eneo ilimo Polmaddy, pamoja na vilima vyake vya kumtoa mtu jasho, huhesabiwa upande wa Lowlands. Mgawanyo huo ni wa lugha na historia kuliko wa urefu wa vilima. Na una uzito, kwa sababu habari za wakulima wa Highlands waliofukuzwa kupisha kondoo zinajulikana dunia nzima, zina nyimbo, sanamu na watalii wanaokuja kutoka Kanada kutafuta kaburi la babu yao. Za Lowlands hata Waskoti wengi hawazijui.

Polmaddy kilikuwa kitongoji cha wakulima kadhaa waliokodi ardhi kwa pamoja kutoka kwa mwenye ardhi mmoja, na maandishi yanakitaja tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 16. Mashamba hayakuwa na uzio baina ya jirani na jirani. Kila familia ilikuwa na matuta yake yaliyochanganyika na ya wengine, ili ardhi nzuri na ardhi mbaya zigawike kwa haki. Karibu na nyumba palirundikwa samadi na kulimwa kila mwaka, oti na shayiri. Mbali zaidi palilimwa miaka michache kisha pakapumzishwa. Ng'ombe waliishi upande mmoja wa nyumba na watu upande wa pili, chini ya paa moja, na kwa baridi ya kule, joto la ng'ombe halikuwa jambo la kubeza. Kwenye ua mdogo uliozungushiwa mawe walipanda majani ya kale, ndugu wa karibu wa sukuma wiki.

Kitu ninachokipenda zaidi pale ni tanuri. Nchi ile ina unyevu kiasi kwamba nafaka inavunwa ikiwa mbichi, haisagiki, na ikiwekwa ghalani inaoza. Kwa hiyo kila kitongoji kilijenga shimo la mawe la mviringo, kama bakuli kubwa, lenye mfereji wa kuleta joto kutoka kwenye moto uliowashwa pembeni. Juu ya bakuli walilaza fito, juu ya fito majani makavu, juu ya majani nafaka. Moto ukizidi kidogo, fito, majani na mavuno ya mwaka vinakwenda pamoja. Ukisimama juu ya mojawapo ya tanuri hizo unaelewa haraka kwamba hawa hawakuwa watu wazembe wasiojua kulima, ingawa ndivyo walivyoandikwa na wale waliotaka kuwaondoa. Baada ya kukausha, walikwenda kwenye kinu, na huko nako hawakuwa huru. Mpangaji alilazimika kusaga kwenye kinu cha mwenye ardhi wake na kuacha sehemu ya nafaka kama malipo, hata kama kilikuwapo kinu cha karibu zaidi au cha bei nafuu.

Sasa, kuhusu kuta fupi. Watu huzitazama wakadhani nyumba zilianguka. Nyingi hazikuwahi kuwa na mawe mengi zaidi ya hayo. Mawe yalikuwa msingi, na juu yake yalipangwa mabonge ya udongo wenye nyasi, kisha nguzo zilizopinda zikabeba paa la majani. Miti ya paa ilikuwa na thamani kiasi kwamba sehemu nyingi mpangaji aliyehama aliing'oa akaondoka nayo. Udongo ulirudi shambani ukawa mbolea. Ndiyo maana nasema mtu asitafute pale jumba lililobomoka. Hiki kilichobaki ni karibu kila kitu kilichoweza kubaki.

Ulinzi wa vitu vya kale Uingereza ulianza na sheria ya mwaka 1882. Orodha yake ya kwanza ilijaa makaburi ya mawe na duara za mawe za enzi kabla ya historia. Hakuna aliyefikiria kumwekea mkulima wa juzi nafasi humo. Sheria inayotumika leo Scotland ni ya mwaka 1979, na anayeisimamia ni Historic Environment Scotland, taasisi iliyoanza kazi mwaka 2015. Mahali pakishaingizwa kwenye orodha, huruhusiwi kuchimba, kujenga, kupanda miti wala kuondoa jiwe bila kibali, na kuvunja masharti ni kosa la jinai. Kulisha kondoo unaweza. Kondoo kwa kweli ni msaada, kwa sababu wanazuia vichaka.

Mabadiliko makubwa yalikuja miaka ya 1990, wataalamu walipoamua kupitia toleo la kwanza la ramani rasmi za karne ya 19, nchi nzima, wakitafuta nyumba ambazo tayari zilikuwa zimechorwa bila paa. Hapo ndipo ilipoonekana wazi kwamba Scotland imejaa mahame. Naiheshimu sana kazi ile. Kukaa ofisini na kuhesabu paa zisizokuwapo si kazi ya kumpa mtu jina.

Lakini wapangaji hawa waliondokaje? Ardhi haikuwa yao, hata kama ukoo ulikaa hapo vizazi vitano. Mikataba mingi ilikuwa ya mwaka mmoja mmoja, au ya mdomo tu. Sheria ya mwaka 1555 ilimtaka mwenye ardhi atoe notisi ya siku arobaini kabla ya Whitsun, ile sikukuu ya Pentekoste ambayo kwa mambo ya kodi iliwekwa tarehe 15 Mei. Basi. Siku arobaini, kisha miti ya paa begani. Mwenye ardhi hakuhitaji kuchoma nyumba moto wala kuita askari. Alisubiri mwaka uishe asikubali kuendelea. Na vibarua waliopewa kibanda na kipande cha bustani na mpangaji mkubwa, badala ya ujira, hata notisi hiyo haikuwahusu sana. Mpangaji akienda, nao wanakwenda. Wasomaji wa Kagera waliosimuliwa na wazee wao habari za nyarubanja, ule mfumo wa mpangaji kulima ardhi ya bwana, hawatahitaji maelezo marefu hapa.

Bunge la Scotland, ambalo lilikuwa bunge la wenye ardhi, lilipitisha mwaka 1695 sheria mbili zilizorahisisha mambo: moja ya kuyakusanya yale matuta yaliyochanganyika yawe mashamba ya mtu mmoja mmoja, nyingine ya kugawana malisho ya wote. Muungano wa mwaka 1707 ukafungua soko la Uingereza kwa ng'ombe wa Galloway. Bei ikapanda, na ghafla ardhi yenye ng'ombe ikawa na faida kuliko ardhi yenye watu. Wenye ardhi wakaanza kujenga kuta ndefu za mawe kuzungushia malisho.

Mwaka 1724 wakulima wa Galloway walisema hapana. Walikusanyika kwa mamia, wanaume kwa wanawake, wakachomeka miti mirefu chini ya kuta na kuziangusha kwa pamoja, kuta baada ya kuta. Waliitwa Levellers. Waliwaua pia ng'ombe walioletwa kwa magendo kutoka Ireland, wakijua fika kwamba sheria ilikataza kuwaingiza, na hapo unaona hawakuwa kundi la wahuni. Walikuwa wakiwauliza wakubwa: mbona sheria hii haiwahusu ninyi? Jibu lilikuja kwa askari wapanda farasi. Kufikia mwisho wa mwaka vuguvugu lilikuwa limezimwa, na baadhi yao wakashtakiwa wakatakiwa kulipa fidia ya kuta walizobomoa. Hayo yalitokea katika wilaya hiyohiyo ya kale ya Kirkcudbright ambamo Polmaddy imo. Kitongoji chenyewe kiliendelea kuishi kwa miongo kadhaa, kikahamwa kabisa mwanzoni mwa karne ya 19, wakati mashamba madogo ya mabonde yale yalikuwa yakiunganishwa kuwa machunga makubwa ya kondoo.

Maandamano ya namna ile hayakurudi tena kwa ukubwa ule, na hiyo ni sababu moja ya Lowlands kusahaulika. Sababu nyingine ni kwamba waliofukuzwa hawakwenda mbali. Highlands watu walipandishwa meli, lakini huku walitembea nusu siku wakafika kwenye mji mpya uliojengwa na mwenye ardhi yuleyule, au kwenye viwanda vya pamba kama vya Gatehouse of Fleet, vilivyoanza miaka ya 1780, au Glasgow. Ukihamia maili kumi kutoka kwenu, nani atakutungia wimbo? Wachungaji wa parokia walioandika taarifa za maeneo yao kati ya 1791 na 1799, katika ile kazi kubwa iliyosimamiwa na Sir John Sinclair, wanataja mara kwa mara vibanda vilivyobomolewa na mashamba matatu manne yaliyofanywa moja. Wengi wanaandika bila hasira, na wengine wanasifu. Maendeleo, waliyaita hivyo.

Pesa za maendeleo hayo hazikutoka zote kwenye ng'ombe. Richard Oswald, mmoja wa waliomiliki ngome ya Bance Island huko Sierra Leone, ambako watu walishikiliwa kabla ya kuuzwa ng'ambo ya Atlantiki, alinunua Auchincruive katika Ayrshire mwaka 1764, na alikuwa na ardhi pia Cavens, pwani ya Kirkcudbright. Alijulikana kama mkulima wa kisasa. Sisemi kila ukuta wa Lowlands umejengwa kwa pesa za watumwa. Nasema tu kwamba Mwafrika anayetembea kwenye mashamba yale mazuri yaliyonyooka asidhani yuko mbali sana na historia yake.

Turudi kwenye ulinzi, maana hapa ndipo penye hoja yangu. Kati ya 1747 na 1755 jeshi la Uingereza, chini ya William Roy, lilichora ramani ya Scotland bara. Ramani hiyo ipo mtandaoni, imewekwa na Maktaba ya Taifa ya Scotland, na kuiangalia ni bure. Tazama East Lothian, mashariki ya Edinburgh, kwenye udongo bora kuliko wote nchini. Vitongoji vya wakulima vimetapakaa kila mahali. Kisha nenda leo na viatu vyako. Utakuta mashamba mapana ya ngano na nyumba moja kubwa ya mawe hapa na pale. Magofu hakuna. Yalilimwa yote.

Kwa hiyo orodha ya mahame yanayolindwa ina kasoro ambayo si kosa la mtu. Inahifadhi yale yaliyokuwa kwenye ardhi ambayo hakuna aliyejali kuilima tena. Polmaddy imebaki kwa sababu ardhi yake ni ngumu. Anayeyaona mahame ya milimani tu atajenga picha kwamba watu walishindwa na baridi na udongo mbaya, wakachoka, wakaondoka. Kumbe mahali walipoondolewa kikamilifu zaidi ni pale palipostawi zaidi, na pale hakuna hata jiwe la kuwekea alama. Sheria haiwezi kulinda kisichokuwapo, hilo najua. Ila hakuna sheria inayozuia kuweka kibao kando ya shamba la ngano chenye kipande cha ramani ya Roy na majina ya vitongoji vitano vilivyokuwa hapo. Kingeudhi baadhi ya watu. Vizuri.

Halafu kuna Wester Kittochside, karibu na East Kilbride, kusini ya Glasgow. Shamba hili lilikuwa mikononi mwa ukoo wa Reid kuanzia mwaka 1567 mpaka lilipokabidhiwa kwa National Trust for Scotland mwaka 1992, vizazi kumi. Mwaka 2001 likafunguliwa kuwa makumbusho ya maisha ya vijijini. Kuna nyumba yenye paa, vyumba vyenye samani, ng'ombe wa Ayrshire wanaokamuliwa, na mgahawa wa chai. Watoto wanapandishwa kwenye trela. Ni mahali pazuri na ningempeleka mtu yeyote. Lakini uliza kwa nini Kittochside ina paa na Polmaddy haina. Wote walilima oti, wote walinyeshewa na mvua ileile. Kina Reid walikuwa na hati. Mwaka 1567 walipata umiliki wa ardhi yao, wakawa wenye ardhi wadogo wasiomtegemea bwana mkubwa, na hakuna Whitsun iliyowahi kuwatisha. Mimi ningeiuza tiketi moja kwa sehemu zote mbili, na nisingemruhusu mtu aone moja bila kuiona nyingine.

Kuna wanaopendekeza magofu kama ya Polmaddy yajengwe upya, angalau nyumba moja, iwekewe paa la majani na mama wa nta akisokota sufu. Napinga. Kittochside inatosha kwa hilo. Nyumba mpya juu ya misingi ya zamani ingehitaji kuchimba na kuharibu kilichobaki, na ingeondoa jambo moja ambalo gofu linalisema vizuri bila msaada: kwamba hawapo. Kazi inayohitajika ni ndogo na inachosha: kufyeka kangaga kila mwaka, kwa sababu mizizi yake inapenya ardhini na kuvuruga tabaka ambazo mtaalamu angezisoma, kuzuia sungura wasichimbe, na kuhakikisha miche ya spruce haivuki mpaka wa uwazi. Miti hiyo, iliyotoka pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini, ilipandwa Galloway kwa wingi katika karne ya 20, baada ya serikali kuunda shirika la misitu mwaka 1919, na imefunika mahame mengi ambayo hayakupata bahati ya Polmaddy. Sasa kuna msukumo mpya wa kupanda miti kwa ajili ya tabianchi. Nauunga mkono, ilimradi mtu atembee kwanza kwenye kilima husika kabla ya mashine kupita.

Wenye mashamba hulalamika kwamba ulinzi ni mzigo wasiolipwa. Wana hoja. Ukimwambia mtu asilime kipande chake kwa faida ya taifa, taifa limlipe, na lisimsubiri ajaze fomu kumi.

Kwetu tuna mahame ya karibu zaidi. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1973 hadi 1976 iliwahamisha mamilioni ya Watanzania, na ukisafiri bara bado utaonyeshwa miembe iliyosimama peke yake porini: hapo palikuwa na kaya. Scotland alama yao ni majani yawashayo, yanayopenda udongo wenye samadi ya zamani, na mti wa rowan, waliouacha mlangoni kuzuia wachawi. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Cha baadaye kinasubiri mkubwa akitangaze. Scotland hawana mstari wa mwaka, wanapima umuhimu wa mahali kwa taifa. Naona wao wamepatia. Kwa hesabu ya 1863, hame la mwaka 1974 litasubiri sana, na waliolijua likiwa na moshi jikoni wanazeeka. Kuandika majina ya kaya, nani alikaa wapi na alihamishiwa wapi, hakuhitaji sheria mpya. Kunahitaji daftari na mwalimu wa shule ya kata mwenye wanafunzi wachache wadadisi.

Kwa atakayekwenda Polmaddy: kuna maegesho madogo na njia iliyowekewa alama. Nenda Machi au Aprili, kabla kangaga halijaota, maana kuanzia Juni hutaona kitu zaidi ya majani mpaka mabegani. Vaa buti. Anza na tanuri, kisha kinu, na zile nyumba ziache mwisho. Basi ni za nadra, uliza ratiba ya kurudi kabla hujashuka.